Mwali Mwenye Mkia

Paka wetu alikatwa Mtwara siku ya Jumatatu, na ilipofika Jumatano alasiri Kionga nzima, ng'ambo ya Ruvuma upande wa Msumbiji, ilishajua kwamba kwa mama kuna mwali. Huku kwetu mwali ni hata mtoto wa kiume aliyetoka kutahiriwa, maadamu kidonda hakijakauka. Mimi sikumwambia mtu. Habari ilifika kabla yetu, na aliyeisambaza ni serikali.

Nianze na ugonjwa wenyewe. Paka huyu ni dume, mnene, mwenye kichwa kikubwa na tabia ya kutembea katikati ya njia. Mwaka huu mkojo ukaanza kumziba. Alikuwa akichuchumaa kwenye mchanga wa uani, anasukuma, analia, na hakitoki kitu. Daktari wa mifugo wa Mtwara, kijana ambaye siku zake nyingi anashinda na ng'ombe na kuku wa watu, alimzibua mara mbili kwa mpira mwembamba, na mara zote mbili akaziba tena. Safari ya tatu akaniambia ukweli. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba mno mwishoni, kwa hiyo ataikata ile sehemu nyembamba na kumwachia tundu pana zaidi.

"Atapona, mwalimu," akasema. "Ila atakuwa anakojoa kama jike."

Nikamwuliza kama paka hataona haya. Akasema paka hana habari na mambo hayo, mwenye haya hapa ni mimi.

Siku mbili baadaye alinikabidhi mgonjwa akiwa ndani ya kikapu, shingoni kavishwa kola iliyokatwa kutoka kwenye dumu la mafuta ya kula, ili asiweze kulamba nyuzi. Upande mmoja wa dumu bado ulikuwa na picha ya alizeti. Masharti nikayakariri njia nzima. Kola asivuliwe. Mchanga asiukanyage wiki mbili, utaingia kwenye kidonda, kwa hiyo akojolee karatasi zilizochanwa. Anywe maji mengi, mengi kabisa. Na kila siku akojoe, maana ikipita siku nzima bila mkojo, basi njia imeziba, nimrudishe mbio. Paka aliyeziba, alisema daktari, haoni siku ya tatu.

Tukavuka Ruvuma vizuri. Pale Namoto, kwenye kituo cha mpaka, ofisa mmoja, mtu wa kusini aliyeletwa huku na kazi, akataka karatasi za mnyama. Nikampa barua ya daktari. Imeandikwa Kiswahili, yeye Kiswahili chake ni cha kuombea samaki tu, na mimi nilikuwa nimeshika kwa mikono miwili kikapu kinachonguruma. Akamwita mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yetu na magunia yake ya unga, amsomee kwa Kireno. Mama yule alisoma kwa sauti ya kusikika ng'ambo. Alipofika kwenye maelezo ya nini kimekatwa na kimekatiwa wapi, akaona maneno hayatoshi, akaongeza na mikono. Foleni nzima ikaangua kicheko, ofisa akagonga muhuri huku machozi yanamtoka. Wafanyabiashara wa foleni ile wana pikipiki, wakatangulia na habari. Mimi na paka tulisubiri gari.

Tulipofika nyumbani, wanawake sita walikuwa wamekaa jamvini wakimsubiri mgonjwa.

Lazima niseme kitu kuhusu mama yangu. Si mtu wa kudekeza wanyama. Mbuzi kwake ni mbuzi, kuku ni mchuzi. Lakini tulipokimbia vita, paka huyu aligoma kuingia kikapuni, akapanda darini, na mama akasimama mlangoni akimwita mpaka nikamvuta mkono. Tuliporudi baada ya muda mrefu, nyumba haikuwa na milango wala mabati wala chombo hata kimoja. Paka akatoka kwenye magofu ya jiko, mbavu zinahesabika, akaja akapita katikati ya miguu ya mama huku analalamika kama mtu aliyechelewa kuletewa chakula. Mama, ambaye safari nzima hakulia, alikaa chini mchangani akalia. Tangu siku hiyo paka anakula kwanza, mimi nafuata. Ndiyo maana nilivuka mto mara tatu kwa ajili ya mkojo wa paka, na sioni aibu.

Kazi ya kwanza ilikuwa karatasi. Mimi ni mwalimu, karatasi ninazo: mitihani ya miaka, imejaa sanduku. Nikabeba bunda nikaanza kuchana. Mama akanishika mkono.

"Ngoja. Zina jina la Mungu?"

"Mama, hii ni hisabati. Tena ya Kireno."

"Majina ya watoto nani? Nisomee."

Nikamsomea. Nusu ya darasa langu, kwa jina hili au lile, ni watumwa wa Mwenyezi Mungu: wa Mwingi wa Rehema, wa Mpaji, wa Mwenye Nguvu. Mama akafunga macho. Hapa nyumbani kwake hakuna paka atakayekojolea jina la Mola, awe mwali asiwe mwali. Basi tukakaa wawili na mkasi, tunakata pembe moja moja yenye jina, pembe tunaziweka kwenye kopo tukazichome kwa heshima, na kilichobaki kinaingia kwenye beseni. Wale wanawake sita wakajiunga. Mmoja akawa anauliza alama alizopata mwanawe. Nikamwonyesha, akasema hii mpeni paka, ndiyo inayomfaa.

Paka akawekwa kwenye chumba changu, ambacho kina sakafu ya saruji. Akalinusa beseni, akanitazama kwa dharau kupitia dirisha la dumu lake, akarudi nyuma, kola ikagonga mguu wa kitanda. Akasonga mbele, ikagonga mlango. Akajaribu kupita chini ya kiti, akakwama, akaenda nacho kiti. Wanawake walicheka mpaka mmoja akatoka nje kushika ukuta. Mama akawagombeza kwamba mgonjwa hachekwi, huku yeye mwenyewe kajifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Nusu saa baadaye paka akaingia kwenye beseni, akapapasa papasa, akakojoa juu ya sehemu desimali. Mkojo wenyewe ulikuwa na rangi ya damu kidogo, kama daktari alivyotuambia, lakini ulitoka kwa mkupuo mmoja bila kilio. Nilipiga makofi. Mtu mzima, baba wa watu, nimepiga magoti napigia makofi mkojo.

Jioni akaja babu.

Huyu ni jirani yetu, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa ngariba wa upande huu. Amewatahiri wanaume wa Kionga karibu wote wa rika langu, na mimi nikiwemo. Siku hizi watoto wanapelekwa hospitali, naye amebaki na kisu chake na sifa zake. Alikuja amevaa kanzu safi na miwani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nioneshe kazi."

Nikamgeuza paka taratibu. Babu akainama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Kakata nani?"

"Daktari wa Mtwara."

"Ana mkono." Akatikisa kichwa kwa heshima ya fundi kwa fundi mwenzake. Akatazama tena, muda mrefu zaidi. "Lakini mbona kamaliza?"

Nilikuwa nimeegemea ukuta nacheka bila sauti, mama ananifinya. Nilipopata pumzi nikamweleza habari ya njia nyembamba na tundu pana. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa aliyebaki hapa ni bwana au bibi?"

"Bwana, babu."

"Mh," akasema babu, na akampapasa paka kichwani ndani ya kola, kwa upole, kama mtu anayetoa pole msibani. Nikamwacha na mama, nikachukua ndoo kwenda kisimani, kwa kuwa mgonjwa anatakiwa maji mengi na mimi niliazimia ayapate matamu na ya baridi.

Alhamisi asubuhi karatasi zilikuwa zimelowa. Nilizibadilisha, nikajaza bakuli hadi ukingoni, nikaenda shuleni nikiwa na furaha ya kijinga. Darasa lilikwisha pata habari, mtoto mmoja akaniuliza, "Profesori, mwali kaamkaje?" nikasema kaamka, kakojoa, wakapiga makofi wote. Saa sita niliporudi, bakuli lilikuwa limepungua nusu. Nikalijaza. Jioni limepungua tena. Nikamwambia mama, unaona, anakunywa kama ngamia. Mama akasema al-hamdulillahi, akainuka kwenda kuangalia moto. Alikuwa akimlisha samaki wa kuchoma, mkavu, bila hata chembe ya chumvi, na mimi nikamsifu kwa hilo pia. Daktari naye alikataza chumvi.

Ijumaa asubuhi karatasi zilikuwa kavu.

Nilizigeuza moja moja. Nikasema labda bado. Nikaenda kufundisha kipindi kimoja nisichokikumbuka, nikarudi saa nne mbio, na beseni lilikuwa vilevile. Paka alikuwa amejikunja pembeni, kola imelala sakafuni, hataki kuguswa. Akainuka, akaingia kwenye beseni, akachuchumaa, akasukuma kidogo, akatoka. Bakuli la maji lilikuwa nusu. Nikampigia daktari, nikaweka simu kwenye spika ili mama asikie.

"Hajakojoa tangu lini?"

"Tangu jana asubuhi."

"Maji anakunywa?"

"Anakunywa sana. Bakuli linaisha."

"Kama anakunywa sana na hatoi, basi njia imeziba au imevimba," akasema. "Nitalazimika kumfungua tena. Sikufichi, mwalimu, mara ya pili si rahisi. Mlete leo."

Mtumbwi wa mwisho Namoto unaondoka jua likiwa bado juu. Nikaanza kutafuta kikapu. Mama hakusogea. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda changu, mikono mapajani.

"Hakunywa," akasema.

"Nani?"

"Paka. Maji yale nimemwaga mie. Kila ukitoka au ukilala namwondolea bakuli, namwaga nusu ndipo nalirudisha, ili usijue."

Nilisimama na kikapu mkononi. Hasira ilinipanda mpaka masikioni, na nasema wazi kwamba nilimpandishia mama yangu sauti, jambo ambalo sijalifanya hata mara tatu maishani. Nikamwuliza kwa nini, kwa nini hasa, daktari kasema maji, mimi nimesema maji, nimeteka ndoo ngapi.

"Babu kasema mwali hanywi maji mpaka kidonda kishike," akasema. "Kasema akinywa atakojoa, akikojoa kitamuuma na nyuzi zitaachia. Wote hapa wamelelewa hivyo, na wewe pia. Nilikuwa nakupelekea chakula kikavu jandoni, sikuwekei chumvi, sikuwekei mchuzi, nalia njiani." Akafuta uso. "Mara ile ya vita nilimwacha, mwanangu. Nilifunga mlango, nikasikia analia ndani. Safari hii nilitaka nisipuuze hata neno moja la mtu."

Kutoka kwenye simu, ambayo nilisahau kabisa kuikata, ikasikika sauti ya daktari.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Paka huyu tumemkata *ili* akojoe, mama. Hatukumkata kwa sunna." Kisha akashindwa, akacheka, akaomba radhi, akacheka tena, na mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nacheka pia. Akatupa muda. Kama hajanywa, huenda kibofu ni kitupu tu, hakuna kilichoziba. Tumpe maji na supu ya samaki bila chumvi, kidogo kidogo, bila kumlazimisha sana. Akikojoa, tumepona. Asipokojoa kufikia alasiri, tuvuke.

Sijawahi kuona mama yangu anapika supu kwa kasi ile. Changu mmoja, maji, moto, basi. Tukaipoza kwa kuimimina kutoka sufuria hii kwenda ile. Daktari alikuwa amenipa bomba la sindano lisilo na sindano, la kunyweshea dawa. Tukalijaza, mama akamshika paka, mimi nikapenyeza ncha pembeni mwa mdomo. La kwanza akalitema usoni kwangu. La pili akalimeza kwa kusahau. La tatu akaanza kulamba mwenyewe, halafu akatumbukiza uso wote ndani ya bakuli, kola ikafunika bakuli lote, na tukawa tunasikia tu sauti ya ulimi kutoka ndani ya dumu. Nilikwenda Ijumaa nikarudi mbio, na hotuba ilihusu nini, Mungu anisamehe, mpaka leo sijui.

Niliporudi babu alikuwa ameitwa. Amesimama mlangoni, kanzu ile ile, uso wa mtu aliyeambiwa kakosea kazi yake mwenyewe.

"Sasa mnasema maji ndiyo dawa," akasema.

"Daktari kasema, babu."

"Miaka yote mie nimewanyima."

"Na mimi ulininyima, babu. Nilikuwa nalamba umande kwenye majani."

"Ulilia sana wewe," akakubali. "Kuliko wenzako wote." Akafikiri. "Lakini ulipona."

Kisha akavua viatu, akaingia, akakaa sakafuni kwa shida ya magoti yake, akashika kola kwa vidole viwili ili isiangushe bakuli. Akakaa hivyo hivyo kila mama alipojaza supu.

Muda ukaenda. Paka alikunywa, akalala, akanyweshwa tena. Beseni likabaki kavu. Wanawake wakaja wakakaa ukumbini, safari hii hawacheki. Nilishafunga kikapu kwa kamba, gari la kwenda Namoto nilishalisimamisha na dereva alikuwa anapiga honi barabarani. Mama alikwisha tawadha kwa ajili ya alasiri, kavaa kanga safi na shela yake ya kuswalia. Akasema ampe bomba moja la mwisho kabla hatujaondoka, akampakata.

Nilimwona paka akikaza mgongo. Mkia ukaanza kutetemeka. Nikadhani ni maumivu, nikanyoosha mikono kumchukua.

"Usimguse," akasema mama.

Mama yangu ni mtu ambaye tone moja la mkojo wa mtoto kwenye pindo la kanga humfanya aoge, afue, na aoshe hata mlango alioushika. Alikuwa kwenye udhu, na nguo za kuswalia. Na doa likatokea kwenye paja lake, likapanuka, likashuka kwenye goti, likaanza kudondoka kwenye saruji, na yeye hakusogeza hata kidole. Alitazama chini kama mtu anayesomewa barua nzuri.

"Kakojoa!" nikapiga kelele.

Ukumbini vikalipuka vigelegele. Paka akashtuka, akakaza mwili wote, mkojo ukakatika.

"Nyamazeni nyie!" Sijapata kusikia mama akipiga ukelele namna ile. "Mmemkatisha!"

Wote tukanyamaza. Wanawake wakajibana mlangoni, mikono midomoni. Babu hakupumua. Hata dereva barabarani, sijui kwa nini, aliacha honi. Msikitini adhana ikaanza, na mama, akiwa amelowa mpaka magotini, akainamisha kichwa chake na shela yake yote ndani ya lile dumu.

"Kojoa, baba," akamnong'oneza. "Kojoa taratibu. Nipo, siendi popote."